Dawa, Mzigo na Mtu Aliyeitwa Tatu: Kuisoma Kongo ya Che Guevara kutoka Mwamgongo

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa wetu. Tukipewa kitabu tunakipasua katikati, fani upande huu, maudhui upande ule. Tunahesabu tashbiha, tunamtafuta mhusika mkuu, tunamuuliza mwandishi msimamo wake, kisha tunafunga daftari na kwenda kula. Safari hii naomba ruhusa ya kuhakiki kitabu ambacho hakimo katika orodha ya kozi yetu yoyote, hakikuandikwa kwa Kiswahili, na ambacho mwandishi wake hakukusudia kiitwe fasihi. Ni masimulizi ya Ernesto Che Guevara juu ya miezi saba aliyoishi mashariki ya Kongo mwaka 1965. Aliyaandika akiwa amejificha katika ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam, mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 1966, na hayakuchapwa kwa ukamilifu mpaka 1999. Mimi nimeyasoma katika tafsiri ya Kiingereza. Mwenzangu mmoja wa semina aliponiona nayo alinicheka. "Hiyo historia, bwana. Ipeleke idara ya jirani." Nitajaribu kumjibu.

Kwanza niseme ninakotoka, maana katika uhakiki huu jambo hilo lina uzito. Mimi ni mtoto wa Mwamgongo. Kwa asiyekujua, Mwamgongo ni kijiji cha wavuvi kaskazini ya Kigoma mjini, kinapakana na Hifadhi ya Gombe. Nyuma yetu kuna milima iliyosimama kama ukuta, mbele yetu ziwa, na ukitaka kwenda mjini unapanda boti pamoja na madebe ya mawese na magunia ya dagaa. Kiangazi ukungu wa vumbi unaficha ng'ambo. Mvua zikishanyesha hewa inasafishika, na milima ya Kongo inaonekana kama vile mtu ameisogeza usiku. Kwa hiyo kwetu vita vya Kongo si habari za redio. Ukitaja waasi, mzee atakuuliza: wa mwaka gani? Wengi wanaukumbuka mwaka 1975, usiku wa Mei 19, watu wapatao 40 wenye silaha walipovuka ziwa wakaingia Gombe na kuwateka wanafunzi wanne wa kizungu waliokuwa wakichunguza sokwe. Waliotuma watu hao walikuwa chama cha Laurent Kabila. Huyo Kabila ndiye yule yule ambaye miaka kumi nyuma Che alimfuata Kongo, akamsubiri kwa majuma, na hatimaye akamwandika kitabuni kama mtu mwenye kipaji cha uongozi ila asiye na bidii ya kazi yenyewe.

Kwa kifupi mambo yalikuwa hivi. Baada ya Patrice Lumumba kuuawa Januari 1961, Kongo haikutulia. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki, mpaka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Mwisho wa mwaka ule ule walisukumwa nyuma na jeshi la serikali pamoja na mamluki, na askari wa miavuli wa Ubelgiji waliobebwa na ndege za Marekani. Kilichobaki kilijibanza milimani kando ya Ziwa Tanganyika, pande za Fizi na Baraka. Cuba ikaamua kupeleka walimu wa vita. Che aliingia Dar es Salaam Aprili 19, 1965, amejibadilisha sura, pamoja na Víctor Dreke na José María Martínez Tamayo. Siku chache baadaye kikosi cha kwanza cha watu 14 kilikwenda Kigoma kwa magari, kikavuka usiku, na Aprili 24 kikatua Kibamba, ng'ambo. Serikali ya Tanzania ilijua kwamba wakufunzi wa Kikuba wanapita. Kwamba Che mwenyewe ni mmoja wao haikuambiwa. Wala Kabila hakuambiwa.

Sasa tuanze na majina. Ili wajifiche, watu hawa walipewa majina kwa kuhesabu kwa Kiswahili. Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, na mkuu wao halisi akawa Tatu, eti daktari na mkalimani wa Kifaransa. Orodha ikaendelea hivyo, na walipoongezeka hadi kupita 100 namba zikachosha, yakaingia maneno mengine: Siki, Tembo, Tumaini, na Pombo, ambalo mtu wa kwetu hawezi kulisoma bila kufikiri pombe. Msomaji wa Kihispania au wa Kiingereza anayapokea majina haya kama sauti tu, yana ladha ya mbali. Msomaji wa Kiswahili hawezi. Mimi kila ninapokutana na Tatu amekaa juu ya jiwe anaandika, ninamwona shangazi, kwa sababu kwetu Tatu ni jina la mwanamke. Unaweza kusema huo ni utani. Lakini hebu tazama namba inamfanya nini mhusika. Jina la mtu katika jamii zetu linakuambia ni mtoto wa nani, alizaliwa njaa au neema, amerithi kwa babu yupi. Namba inakuambia amepangwa wapi katika foleni. Kikosi hiki kinaingia katika nchi ya watu wanaojuana kwa ukoo kikiwa hakina ukoo, na lugha kilichoiazima ili kijifiche ni ile ile ambayo kingeihitaji ili kijulikane. Hapo ndipo ninapoona mgogoro mkuu wa kitabu, kabla hata risasi moja haijapigwa.

Tukio ninalolipenda kuliko yote linatokea siku za mwanzo kabisa, wageni bado hawajauzoea mteremko wa kutoka kambini kwenda ziwani. Ofisa mmoja wa waasi aitwaye Lambert, mtu mcheshi, anamweleza Tatu kwamba ndege za adui si kitu, kwani wao wana dawa. Yeye mwenyewe amepigwa risasi mara nyingi na zimedondoka chini bila kumdhuru. Anasimulia huku anatabasamu. Tatu naye anacheka, kwa heshima, akidhani huu ni mzaha wa kijeshi wa kudharau silaha za adui. Baada ya muda kidogo anagundua kwamba mwenzake hatanii.

Mwandishi anaturuhusu tumwone amecheka mahali pasipostahili, na si waandishi wengi wa vita wenye ujasiri huo. Lakini baada ya kicheko kile anafanya jambo ambalo sisi wenye lugha tusingelifanya: anaacha kuuliza. Analichukua neno "dawa" kama jina la ushirikina fulani, analiweka katika maandishi yake kwa Kiswahili hivyo hivyo, na tafsiri ya Kiingereza nayo ikaliacha lilivyo. Tangu hapo kitabuni dawa ni maji ya majani anayomwagiwa mpiganaji na mganga, pamoja na alama za mkaa usoni, ili risasi zisimwingie. Basi.

Jamani, dawa kwetu si hiyo tu. Kuna dawa ya meno, dawa ya panya, dawa ya viatu, dawa ya mapenzi, na dawa ya moto ni moto. Dawa ni kile kinacholijibu jambo. Tena mtu akikuambia ana dawa, swali la pili linakuja lenyewe: masharti yake? Na jambo la ajabu ni kwamba Tatu, siku zile zile, kazi yake ya wazi kambini ilikuwa udaktari. Alitibu wagonjwa, alipanga dawa zilizorundikwa ufukweni ovyo. Kwa macho ya wakulima wa pale alikuwa mganga, mwenye dawa, kama alivyokuwa mganga yule mwingine. Neno lilikuwa moja. Mwandishi alilikata vipande viwili, akabaki na kile cha hospitali kwa Kihispania na kumwachia Mwafrika kile cha mkaa kwa Kiswahili. Msomaji wa nje hataona kovu la mkato huo, kwa sababu kwake havikuwa kitu kimoja hata siku moja.

Nilisema masharti. Kitabu kinayataja, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Mpiganaji aliyepewa dawa asiguse kitu kisicho chake, asiguse mwanamke, asiogope. Akivunja mojawapo dawa imekufa, na yeye pengine atakufa pia. Mwandishi anaeleza kwa akili kali jinsi mfumo huu usivyoweza kushindwa: mtu akiuawa kosa ni lake, alichukua mali ya mtu, au alilala na mwanamke, au aliogopa, na nani vitani haogopi? Uchambuzi mzuri. Lakini mimi nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu bwenini, kicheko changu nacho. Kwa sababu masharti hayo matatu nimeyasoma kwingine, na mwandishi ni huyu huyu. Katika kitabu chake cha vita vya msituni cha mwaka 1960 mpiganaji wa mapinduzi anatakiwa aheshimu mali ya mkulima, ajitawale nafsi yake, awe tayari kufa. Na katika Kongo, kila mara Mkuba au Mkongo anapoanguka, Tatu anatafuta sharti gani limevunjwa: nidhamu imelegea, imani katika mapinduzi ni ndogo. Nadharia yenyewe haiguswi. Mganga wa Simba na komandoo wa Havana wanazungumza lugha moja bila kujuana.

Sisemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Bunduki inafundishika, mkaa usoni haufundishiki. Ninachosema ni kwamba maandishi yenyewe yanaonyesha ufanano huo na mwandishi hauoni, au anauona kwa jicho moja. Mhakiki kazi yake ni hiyo, bwana wa idara ya jirani: kusoma kile ambacho kitabu kinakijua na mwandishi hakijui.

Kisha vinakuja vita vyenyewe, na hapa fani inanisaidia. Shambulio la kwanza kubwa lilikuwa Juni 29, 1965, Front de Force, penye kituo cha umeme cha Bendera. Walikwenda Wakuba wapatao 40 chini ya Dreke pamoja na wapiganaji wa Kinyarwanda na Wakongo wachache. Wengi walikimbia mwanzoni tu. Wakuba wanne waliuawa, na shajara ya mmoja wao ikaangukia mikononi mwa adui, siri ikafichuka. Sasa jiulize msimulizi alikuwa wapi. Hakuwapo. Alikuwa kambini juu ya ziwa, anangoja ruhusa ya Kabila ambayo haikuja. Nafsi ya kwanza inayosimulia kitabu kizima haikuhudhuria vita vyake vya kwanza. Inatusimulia kwa kukusanya ripoti za waliorudi, na ripoti hizo hazikubaliani. Wakongo wakasema mganga alikuwa hafai. Wakuba wakasema Wanyarwanda walikimbia. Kurasa hizi zimechanganyikiwa na ndiyo uzuri wake. Katika riwaya zetu nyingi za vita msimulizi yuko kila handaki na anajua kila kamanda anafikiri nini. Hapa tunapata vita kama watu wa ufukweni wanavyovipata: kwa kusikia, kwa kungoja mtumbwi, kwa kuhesabu waliorudi.

Muda mwingi wa miezi ile ya kwanza hakuna vita kabisa. Kuna kungoja, homa, barua, na kupandisha mizigo. Juni 7 ofisa mmoja aliyekuwa mwanga wa matumaini kwa Wakuba, Leonard Mitoudidi, alikufa maji ziwani. Mwandishi anaandika kifo hicho kwa uchungu na mshangao, kana kwamba ziwa halikuwa na haki ya kuingilia mambo. Kwetu kila familia ina jina la mtu aliyemezwa na ziwa.

Mizigo ndiyo jambo la pili ninalotaka kukaa nalo. Chakula na risasi vilifika ufukweni kwa boti kutoka Kigoma, kambi ya mafunzo ilikuwa juu kabisa mlimani, na njia ilikuwa mwinuko mtupu. Wapiganaji wa Kikongo walipoambiwa wabebe walikataa. Walijibu kwamba wao si motokaa. Baadaye, Wakuba walipobeba wenyewe ili waonyeshe mfano, jibu likabadilika: wao si Wakuba. Mwandishi ananukuu majibu hayo kwa Kiswahili cha kule, kile kinachokanusha kwa "hapana", na hizi ni baadhi ya sehemu chache sana kitabuni ambapo mpiganaji wa kawaida anasikika kwa sauti yake. Kwa Tatu huu ni ushahidi wa uvivu. Jeshi lile, anasema, lilikuwa kupe juu ya mgongo wa mkulima, halifanyi kazi, halifanyi mazoezi, linadai kulishwa.

Huenda lilikuwa hivyo. Wakulima wa Fizi walioporwa mihogo wana haki ya kuitwa mashahidi. Lakini neno "si motokaa" lina historia ambayo msimulizi hakuwa nayo. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara. Kutoka ng'ambo ile ile zilikuja pembe, na zilikuja juu ya vichwa vya watu. Walipokuja Wabelgiji, mtu aliendelea kubeba kwa amri ya serikali. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Waingereza walikusanya wapagazi kwa wingi uliotisha, na kikosi chao hicho cha wapagazi ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo. Katika ziwa letu hili hili, mwaka 1915, kikosi kingine kidogo, wanamaji wa Uingereza wasiofika 30, kilileta mashua mbili kwa nchi kavu kutoka kusini ili kupambana na meli za Wajerumani waliokuwa Kigoma. Kuna vitabu vya kuchekesha juu ya safari ile na juu ya vituko vya kamanda wake. Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja hawana majina ndani yake. Sasa mtu aliyezaliwa katika historia hiyo amepewa bunduki, kwa mara ya kwanza katika maisha ya ukoo wake yeye si mpagazi, halafu mgeni anamwambia abebe gunia. Jibu lake ni kauli ya kisiasa. Ni mbaya kijeshi, lakini ni kauli, na imetamkwa kwa lugha fasaha kabisa ya mahali pake. Tatu alisikia sarufi mbovu na uvivu.

Je, angeweza kusikia vingine? Mpangilio wa lugha kambini ulikuwa hivi: Kihispania kwa Wakuba, Kifaransa kati ya Tatu na maofisa, Kiswahili kwa wapiganaji, Kibembe vijijini, Kinyarwanda kwa wale Wanyarwanda. Alipewa kijana wa Kikongo, Ilanga, wa kumfundisha Kiswahili. Kijana huyo baadaye alipelekwa Cuba akawa daktari huko. Masomo hayakufika mbali. Karibu na mwisho wa kitabu, katika sehemu ambapo mwandishi anajihukumu bila huruma, anakiri kwamba hakujibidiisha kujifunza Kiswahili, kwamba Kifaransa chake kilimwezesha kuongea na wakubwa na kikamweka mbali na askari wa chini. Analitaja hili kama moja ya makosa yake, katikati ya mengine, baada ya hasira zake na ukimya wake. Mimi naona limewekwa mahali pasipo pake. Ungelianza nalo, ukakisoma kitabu upya kutoka pale, karibu kila tukio lingegeuka. Kicheko mbele ya Lambert ni lugha. Dawa iliyokatwa vipande ni lugha. Motokaa ni lugha. Hata Kabila asiyekuja: aliyekuja Julai kwa siku chache tu akaondoka, lakini katika siku hizo, anakiri mwandishi, aliweza kusema na wakulima na wakamwitikia. Alisema nao kwa Kiswahili.

Hapa sina budi kumleta Ebrahim Hussein. Tamthilia yake ya Kinjekitile ilitoka 1969, miaka minne tu baada ya mambo haya, na jambo lake ni hilo hilo: watu wadogo kwa silaha, adui mkubwa, na maji yanayoaminiwa kuzuia risasi. Sitaki kurudia yale ambayo kila mtu ameyaandika katika mtihani. Nataka tulinganishe miisho. Kinjekitile, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa amekwisha kuona maiti, kwa sababu anajua ungamo lake litafundishwa watoto kama ungamo la kwamba kupigana kulikuwa kosa. Che anafanya kinyume chake. Tangu mwanzo anatangaza kwamba anasimulia kushindwa, na anaungama kila kitu: woga wa watu wake, ugomvi, na hata kuhara kwake mwenyewe. Anaamini ukweli ndio utakaoiokoa hoja.

Yupi yuko sawa? Nimebishana na nafsi yangu juu ya hili kwa muhula mzima. Zamani ningesema Che, bila kusita, maana sisi vijana tunapenda mtu anayejianika. Sasa ninauliza kila mmoja anamwambia nani. Kinjekitile anawaambia watoto wa nchi ile, waliokuwa watasikia. Che anawaambia wanamapinduzi watakaotumwa kwingine, na maandishi yakafungiwa kwa zaidi ya miaka 30. Mkongo aliyebeba au aliyekataa kubeba hakuwa msomaji aliyekusudiwa. Ungamo lenye ukweli mwingi linaweza kufanywa juu ya kichwa cha mtu, naye amekaa pale pale, hajui anazungumziwa. Hata hivyo sitakubali kitabu hiki kiwekwe rafu moja na kile cha Mike Hoare, mkuu wa mamluki waliopigana upande wa pili, kilichotoka 1967. Huyo hachekwi na mtu, hakosei neno, na Afrika kwake ni uwanja wa kuonyesha ukakamavu. Kitabu cha Che kinajeruhiwa na mambo kinayoyasimulia. Cha Hoare hakina hata mkwaruzo.

Lawama yangu ya mwisho inahusu Kigoma, na hapa nakiri nina upendeleo. Katika masimulizi haya upande wetu wa ziwa ni ghala na baa. Ni mahali viongozi wa uasi wanapokwenda kunywa na kutafuta wanawake, mahali wapiganaji wanapovuka kwa kisingizio wakarudi na magonjwa. Siwezi kusema hayakuwapo. Mji wa bandari ni mji wa bandari. Lakini katika miezi saba ya boti kwenda na kurudi usiku, chini ya usimamizi wa yule Mkuba aliyeitwa Changa, hakuna mvuvi mmoja wa Kigoma aliyepewa sentensi. Nani aliyejua kwamba upepo utageuka? Nani aliyezima karabai boti ya doria ya adui ilipokaribia? Kurasa hazina nafasi kwao. Mwandishi ambaye alitaka kuwa mtu wa umma anavuka ziwa lililojaa umma unaovua dagaa, na anaona maji.

Novemba 1965 Tanzania iliomba Wakuba waondoke, kwa sababu mambo ya Afrika yalikuwa yamegeuka na mamluki walikuwa wamekwisha kuzichukua Baraka na Fizi. Usiku wa kuamkia Novemba 21 boti zilijaa. Ufukweni palikuwa na Wakongo walioomba wachukuliwe, wakakataliwa. Kurasa hizo ni nzito na mwandishi hajisamehi. Boti zinaondoka, kitabu kinakwenda nazo, na wale wa ufukweni wanabaki huko gizani bila namba.

Watu wa ufukwe ule tunao. Mwaka 1996, vita vya Kabila vilipoanza upya, vita vilivyompeleka Kinshasa mwaka uliofuata, walivuka kwa makumi ya maelfu na kushukia Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili yao. Wengine wamevuka tangu hapo, wengine walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa vijijini kwetu kabla hata ya Che kuzaliwa. Likizo iliyopita nilikaa ndani ya boti ya kutoka Mwamgongo karibu na bibi mmoja wa Kibembe aliyezaliwa upande wa Fizi, amepakata kuku wake. Nilimwamkia, tukaongea bei ya mawese, halafu nikajitosa. Nikamuuliza kama katika usichana wake aliwahi kusikia habari za mtu aliyeitwa Tatu, kule milimani.

"Tatu yupi, mjukuu wangu?" akaniuliza. "Mimi namjua mmoja tu, binti ya mjomba wangu. Aliolewa Kalemie."